Asilimia 51 Bila Mkono wa Kuzishika: Barua ya Wazi kwa Baraza la Michezo la Taifa

Kwa: Baraza la Michezo la Taifa. Nakala kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, kwa bodi za klabu za Simba na Young Africans, na kwa wanachama wa matawi yote.

Yah: Kuundwa kwa ushirika huru wa mashabiki utakaoshika hisa za wanachama

Barua hii inaelekezwa kwa Baraza kwa sababu ndilo lililokabidhiwa na Sheria Na. 12 ya mwaka 1967 jukumu la kuendeleza na kusimamia michezo nchini, na kwa sababu uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya umiliki wa klabu za Tanzania, yaani uamuzi kwamba klabu ya wanachama inapogeuka kampuni wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa na uwekezaji usizidi asilimia 49, ulifanyika kwa kauli ya Serikali. Uamuzi ule ulikuwa sahihi na unastahili kutetewa. Kinachohojiwa hapa ni lile ambalo haukulimaliza: asilimia 51 hizo zinashikwa na nani, kura yake inapigwa na nani, na siku mwekezaji, viongozi wa klabu na wanachama watakapotofautiana, ni chombo gani kitakachosimama mbele ya sheria kikasema kwamba kinawasemea wenye hisa hizo, bila kutegemea mshahara, ofisi wala fadhila ya yeyote kati ya wanaogombana.

Maneno matatu yanahitaji kutenganishwa, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa na katika mchanganyiko huo ndimo haki ya watu inapopotelea. Shabiki ni yeyote aipendaye timu, awe na kadi au asiwe nayo. Mwanachama ni shabiki aliyejiandikisha, anayelipa ada, mwenye tawi, na mwenye haki ya kupiga kura katika mkutano mkuu kwa mujibu wa katiba ya klabu. Mwenye hisa ni mtu, au taasisi yenye utu wa kisheria, ambaye jina lake limo katika rejesta ya kampuni na ambaye kampuni inawajibika kumwita, kumpa hesabu na kupokea kura yake. Inaposemwa kwamba wanachama wana asilimia 51, msikilizaji hudhani kwamba kila mwanachama ni mwenye hisa, ilhali kwa kweli mwanachama yuko mbali na hisa hizo kwa ngazi mbili: yeye huwachagua viongozi wa klabu, na viongozi hao ndio huketi katika bodi ya kampuni kwa jina lake. Katikati ya ngazi hizo hakuna chombo cha kumrudishia taarifa, hakuna utaratibu wa kumuuliza kabla kura haijapigwa, na hakuna njia ya haraka ya kumwondoa mwakilishi aliyekwenda kinyume naye zaidi ya kusubiri uchaguzi ujao.

Klabu zinazozungumziwa si vyama vya jana. Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa ile ambayo kwa nyakati mbalimbali iliitwa Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Thamani yake ilijengwa na watu waliolipa ada, waliochanga nauli za wachezaji, waliojaza viwanja na kuyatunza matawi kwa zaidi ya miongo minane, na wengi wao wamekufa bila kuacha hata karatasi moja ya kuonyesha walichokiweka. Simba ilipoingia katika mabadiliko mwaka 2017, zabuni iliyoshinda, ya mfanyabiashara Mohammed Dewji, ilikuwa ya shilingi bilioni 20, na fungu la mwekezaji likawa asilimia 49. Kwa hesabu ya kawaida, bei hiyo inaifanya klabu nzima iwe na thamani ya takriban bilioni 40.8, na fungu la wanachama liwe karibu bilioni 20.8. Yanga nao walipitisha katiba mpya mwaka 2021 na kumchagua rais wao wa kwanza chini ya katiba hiyo mwaka 2022. Mafanikio ya uwanjani yaliyofuata hayana ubishi, maana Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025. Hoja ya barua hii haijengwi juu ya kosa la mwekezaji yeyote. Inajengwa juu ya ukweli kwamba mali yenye thamani ya mabilioni ya shilingi, iliyokusanywa na vizazi vitatu, haina mlinzi ambaye kazi yake ni hiyo peke yake.

Ujerumani imekwisha kupita njia hii, na yaliyoipata yanafaa kuangaliwa kwa utulivu. Tangu mwaka 1998 ligi ya nchi hiyo inaruhusu klabu kuunda kampuni, kwa sharti kwamba chama cha wanachama kibaki na nusu ya kura na kura moja zaidi, kanuni inayojulikana kwa jina la hamsini kujumlisha moja. Mwezi Desemba 2023 klabu 36 za madaraja mawili ya juu ziliitwa kuamua kama mwekezaji auziwe sehemu ya mapato ya haki za matangazo, na uamuzi ulihitaji kura 24. Kura zilizopatikana ni 24 kamili. Chama cha wanachama cha Hannover 96 kilisema kwamba kilikuwa kimemwagiza mkurugenzi wa kampuni ya klabu hiyo, Martin Kind, apige kura ya kukataa. Lakini kura ilikuwa ya siri, mkurugenzi hakutangaza alivyopiga, na hesabu ya kura zilizojulikana iliwafanya wengi waamini kwamba agizo halikufuatwa. Majuma yaliyofuata mashabiki wa klabu nyingi walisimamisha mechi kwa kurusha mipira ya tenisi uwanjani, na mwezi Februari 2024 ligi ikaachana na mpango wote. Wanachama wa Hannover walikuwa na wingi wa kura katika maandishi, na walikuwa wameamua wanachokitaka. Kilichowapungukia ni uhakika kwamba mkono uliopiga kura ulikuwa wao.

Leipzig inatoa funzo la upande mwingine. Klabu iliyoanzishwa huko mwaka 2009 kwa fedha za kampuni ya vinywaji ya Red Bull ilitimiza masharti ya ligi kwa kuwa na chama cha wanachama, ila uanachama wenye haki ya kura ulifungwa kiasi kwamba kwa miaka mingi wapiga kura walikuwa wapatao ishirini tu, na wengi wao wakiwa na uhusiano na kampuni yenyewe. Kanuni haikuvunjwa, ilikaushwa ndani, kama kibuyu. Baraza likiyaweka pamoja mambo ya Hannover na Leipzig litaona kwamba asilimia ya hisa ni nusu ya ulinzi, na nusu nyingine iko katika maswali ambayo kanuni za Tanzania hazijayajibu, yaani nani anaruhusiwa kuwa mwanachama, nani anatunza daftari lao, na kwa utaratibu gani sauti yao inafika mezani.

Uingereza, ambako klabu zilikwisha kuwa kampuni za watu binafsi kwa zaidi ya karne, mashabiki walianza kutoka mbali zaidi, bila hisa wala kura. Mwaka 1992 klabu ya Northampton Town ilikuwa inazama katika madeni, na mashabiki wake, wakiongozwa na Brian Lomax, walikusanya michango lakini wakakataa kuikabidhi mikononi mwa uongozi uleule. Badala yake waliunda chombo chao wenyewe, wakanunua hisa kwa jina lake, na wakapata wajumbe waliochaguliwa katika bodi. Ndicho chombo kilichokuja kuitwa trasti ya mashabiki, na mfano wake ulisambaa nchini humo baada ya shirika la kuwasaidia mashabiki kuunda vyombo vya namna hiyo kuanzishwa mwaka 2000 kwa msaada wa serikali. Neno trasti hapa linaweza kumpotosha msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa linamfanya afikirie baraza la wadhamini, yaani watu wachache wanaoheshimika ambao huandikishwa kuwa washika mali ya taasisi. Klabu kongwe za Tanzania zina wadhamini wa aina hiyo tangu zamani. Trasti ya mashabiki ni kitu kingine: kwa sheria ya Uingereza, nyingi kati yake zilisajiliwa kama vyama vya ushirika, vyenye uanachama ulio wazi kwa kila shabiki, kila mmoja akiwa na kura moja bila kujali amechanga kiasi gani, na faida ikiwa haigawanywi mifukoni bali inarudishwa katika lengo la chama.

Kwa hiyo kinachopendekezwa si kitu kigeni kinachoombewa hifadhi nchini, bali ni ushirika, na ushirika Watanzania wanaujua kwa mazuri yake na kwa maumivu yake. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, miaka miwili kabla ya Yanga. Vyama vikuu vya namna hiyo vilipovunjwa kwa amri mwaka 1976 na kazi zake kuhamishiwa kwa mamlaka za serikali, wakulima waligundua kwamba chama kilichokuwa chao kingeweza kuondolewa bila wao kuulizwa, na kurejeshwa kwake katika miaka ya themanini hakukurudisha imani yote iliyopotea. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayolifanya neno huru katika kichwa cha barua hii liwe na uzito kuliko maneno mengine yote. Ushirika wa mashabiki ukiwekwa chini ya uongozi wa klabu utakuwa kamati nyingine ya klabu. Ukiwekwa chini ya mwekezaji utakuwa idara ya masoko. Na ukiwekwa chini ya Serikali utarudia yaliyowapata wakulima wa kahawa na pamba.

Uhuru huo una vipimo vinavyoonekana. Daftari la wanachama litunzwe na ushirika wenyewe, kwa sababu anayelishika daftari ndiye anayeamua nani anaingia mkutanoni, na historia ya migogoro ya klabu za Tanzania, tangu mpasuko wa Yanga uliozaa Pan African mwaka 1976 hadi ile mivutano ya makundi ya Yanga Kampuni na Yanga Asili, imejaa ugomvi juu ya nani ni mwanachama halali na nani si halali. Kiongozi wa ushirika asiwe mwajiriwa wa klabu, wala wa mwekezaji, wala wa mdhamini anayeweka jina lake kifuani mwa jezi, na anayetaka kugombea uongozi wa klabu aondoke kwanza katika ushirika. Akaunti ya benki iwe ya ushirika peke yake. Hesabu zikaguliwe kila mwaka na zisomwe mbele ya wanachama, na kwa vyama vya ushirika nchini tayari kuna Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, ambalo kazi yake ni hiyo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Tume ya Maendeleo ya Ushirika zinatoa mahali pa kuanzia. Na endapo wanasheria wataona kwamba umbo la kampuni yenye ukomo wa dhamana, yaani kampuni isiyo na hisa ambayo wanachama wake huahidi tu kiasi kidogo iwapo itafilisika, linafaa zaidi kwa kushika hisa, basi liandikwe hivyo, ilimradi kanuni ya mwanachama mmoja kura moja isiguswe.

Msingi wa ushirika huo upo tayari katika matawi. Tawi la Simba au la Yanga, likiwa na benchi lake, bendera yake na ubao wa matokeo, ni mahali ambapo watu huzikana, huchangiana harusi, hukodi basi la kwenda mkoani na hutunza fedha za wenzao kwa uaminifu ambao taasisi nyingi kubwa zingeuonea wivu. Tawi lina mwenyekiti, katibu na mhazini anayejulikana kwa jina na kwa nyumba. Jambo linalostaajabisha, na kwa kweli linalosikitisha, ni kwamba utaratibu huu wa uwajibikaji, ulio hai kabisa katika ngazi ya mtaa, unakatika ghafla unapofika penye mali kubwa. Mwanachama anayeweza kumdai mhazini wa tawi lake maelezo ya shilingi elfu tano hana mahali pa kudai maelezo ya kura iliyopigwa kwa asilimia 51 za klabu yake.

Suala la fedha linahitaji kukaa nalo kidogo, kwa kuwa ndilo litakaloleta mtihani wa kwanza. Kampuni inayokua huhitaji mtaji mpya, na njia ya kawaida ya kuupata ni kutoa hisa mpya. Mwenye hisa asiyenunua fungu lake katika hisa hizo hupungua uzito, kama maziwa yaliyoongezwa maji. Kanuni inawataka wanachama wabaki na asilimia 51, lakini haisemi fedha za kulipia fungu lao zitatoka wapi, na hivyo siku ya kuhitaji mtaji itakapofika kutakuwa na njia mbili tu, ambazo ni kampuni kujinyima hisa mpya na kuishi kwa mikopo ya mwekezaji, au kanuni kulegezwa. Ushirika wenye ada ndogo, inayolipwa kila mwezi kwa simu na kuwekwa akiba kwa miaka, ungefungua njia ya tatu. Ni vyema pia kukumbuka kwamba hisa bila mkataba mzuri hazitoshi. Ushirika wa mashabiki wa Swansea City, klabu ya Wales, ulikuwa na takriban asilimia 21 na ulisifiwa kote, lakini wenye hisa wengine walipouza sehemu kubwa ya klabu kwa wawekezaji wa Marekani mwaka 2016, ushirika huo ulilalamika kwamba uliachwa nje ya mazungumzo, na mgogoro uliofuata ulichukua miaka. Mkataba kati ya wenye hisa, ambao ni maandishi yanayoeleza nani ashauriwe juu ya nini na kabla ya lini, unapaswa kujadiliwa wakati pande zote zinapendana.

Yako mambo ambayo hayafai kuamuliwa na bodi peke yake hata kama bodi nzima imekubaliana, nayo ni jina la klabu, rangi zake, nembo yake, makao yake na mji wake. Kwa mambo hayo ushirika unahitaji kura ya turufu, yaani haki ya kuzuia. Mashabiki wa Wimbledon, kusini mwa London, walijifunza hili mwaka 2002, klabu yao iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes, umbali wa zaidi ya kilomita 80. Ndani ya majuma machache waliunda klabu nyingine, AFC Wimbledon, inayomilikiwa na ushirika wao, wakaanzia daraja la tisa, wakafika ligi ya kulipwa mwaka 2011, na mwaka 2020 wakarudi katika mtaa wao wa Plough Lane. Nchini Tanzania mfano uko karibu zaidi. Ihefu, klabu ya Ubaruku wilayani Mbarali, ndiyo iliyokomesha mwezi Novemba 2022 mwendo wa Yanga wa michezo 49 ya ligi bila kupoteza, na siku ile Tanzania nzima ilijua Ubaruku iko wapi. Chini ya miaka miwili baadaye nafasi ile katika Ligi Kuu ilikuwa Singida, ikiitwa Singida Black Stars. Haidaiwi hapa kwamba sheria ilivunjwa, na watu wa Singida wana haki ya kufurahia timu. Hata hivyo, wale waliokuwa wakijaza uwanja wa Highland Estates hawakuwa na chombo chochote cha kuulizwa, na hiyo inatosha kuonyesha kwamba ushirika wa mashabiki hauzihusu klabu mbili za Kariakoo tu.

Yatasemwa mengi dhidi ya pendekezo hili, na mawili yana uzito. La kwanza ni kwamba mwekezaji atakimbia akiona mashabiki wamejipanga. Bayern München, ambayo chama chake cha wanachama kinashika asilimia 75 ya kampuni na makampuni makubwa matatu yakigawana asilimia 25 zilizobaki, haijawahi kukosa wawekezaji, na sababu inaeleweka, kwani mwenye fedha huogopa zaidi klabu isiyojulikana nani ana mamlaka, ambako uamuzi wa leo hupinduliwa kesho na kundi lililokuja na daftari jingine. Tena ushirika hauwazuii wanachama kuuza wakitaka. Mashabiki wa Portsmouth waliinunua klabu yao mwaka 2013 ilipokuwa hatarini kufa, na mwaka 2017 wakapiga kura wenyewe kumuuzia mwekezaji Michael Eisner. La pili, na hili ni zito kuliko la kwanza, ni kwamba mashabiki huongozwa na matokeo, wakashangilia mwezi huu na kutaka kocha afukuzwe mwezi ujao. Ni kweli, na ndiyo maana ushirika unaopendekezwa usipewe mamlaka yoyote juu ya usajili wa wachezaji, kocha, wala shughuli za kila siku. Kazi yake iwe kushika hisa, kuteua na kuwaondoa wajumbe wa upande wa wanachama katika bodi, kupokea hesabu, na kuulinda urithi. Mtu aliyefungwa mabao matatu Jumamosi anaweza kabisa kusoma mizania Jumapili, na wahasibu, walimu, mawakala wa forodha na wauza samaki wa Feri waliomo katika matawi hayo hawajapungukiwa na akili ya kufanya hivyo.

Kwa sababu hizo Baraza linaombwa kukaa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, Shirikisho na wawakilishi wa matawi, na kabla ya klabu nyingine ya wanachama kuruhusiwa kugeuka kampuni, kuongeza katika kanuni zake kifungu kinachofanana na hiki:

Hisa za wanachama katika kampuni ya klabu zitashikwa na ushirika uliosajiliwa kwa kusudi hilo, usio chini ya klabu, kampuni wala mwekezaji, ambao uanachama wake utakuwa wazi kwa kila mwanachama wa klabu kwa kura moja. Na mjumbe wa bodi aliyeteuliwa na ushirika huo atapiga kura kama alivyoagizwa na mkutano wake, kwa uwazi, na ataeleza kwa maandishi alivyopiga ndani ya siku saba.